Lisemwalo Lipo?

Wahenga wametuachia methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Tunaipenda sana methali hii. Huitumia mkulima aliyesikia kwamba bei ya tumbaku itashuka, huitumia jirani anayesimulia mambo ya nyumba ya jirani mwenzake, na kwa bahati mbaya huitumia pia kijiji kizima kinapoanza kunong'ona kwamba bibi kizee fulani ndiye aliyemla mtoto wa watu. Katika insha hii nataka kuiuliza methali hiyo swali. Je, kila lisemwalo lipo? Na kama si kila lisemwalo lipo, tutajuaje lililopo na lisilokuwapo?

Swali hili ni la kale. Wayunani waliliuliza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia jinsi alivyofikia kuitilia shaka hata milango yake mwenyewe ya fahamu. Jicho huiona nyota ikiwa ndogo kama sarafu, lakini hesabu huthibitisha kwamba nyota hiyo ni kubwa kuliko dunia. Kama jicho limedanganya hapo, alijiuliza, tuliamini wapi? Huko Ulaya, John Locke wa Uingereza aliandika mwaka 1690 kwamba akili ya mtoto huzaliwa kama karatasi tupu, na kila kitakachoandikwa juu yake hutokana na yale anayoyaonja, anayoyaona na anayoyatafakari. Nusu karne baadaye David Hume, Mskochi, aliuliza swali gumu zaidi: jua limechomoza kila siku tangu tuzaliwe, lakini ni nani aliyetuhakikishia kwamba kesho litachomoza?

Watu wengi wakisikia majina haya hudhani kwamba kujua namna tunavyojua ni kazi ya wasomi wa mbali. La hasha. Naandika nikiwa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi wanapajua mahali hapa kwa sababu ya Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1925. Lakini muda mrefu kabla ya seminari, nchi hii ya Unyanyembe ilikuwa shule ya namna nyingine. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na Kazeh, kama sehemu ya Tabora ilivyoitwa wakati ule, palikuwa ndipo njia zilipogawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Zilipita hapa pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba; walipita wapagazi wa Kinyamwezi; walipita pia watumwa. Na pamoja na hivyo vyote zilipita habari. Msafara ulipotua mizigo, kitu cha kwanza kilichofunguliwa kilikuwa mdomo.

Habari moja iliyopita njia hii inafaa kutufundisha. Mwaka 1856 ilichapishwa London ramani iliyochorwa na wamisionari wawili wa Kijerumani waliokaa pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ramani hiyo ilionyesha katikati ya nchi zetu ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa. Wasomi wa London waliliangalia koa lile, wengine wakastaajabu, wengine wakacheka.

Wamisionari wale walilipataje? Waliuliza watu. Mfanyabiashara aliyetoka Kilwa aliwaambia kwamba ukienda bara kwa siku nyingi utafika kwenye maji makubwa ambayo ng'ambo yake haionekani. Aliyeondokea pwani ya Bagamoyo alisema vivyo hivyo. Aliyepita njia za kaskazini naye alisema vivyo hivyo. Wamisionari wakaona kwamba mashahidi wote wanakubaliana, wakayaunganisha maji hayo yote kuwa ziwa moja.

Sasa, ndugu msomaji, tazama vizuri. Katika habari hii hakuna aliyesema uongo. Wa Kilwa alikuwa anazungumza juu ya Nyasa. Wa Bagamoyo alikuwa anazungumza juu ya Tanganyika. Wa kaskazini alikuwa anazungumza juu ya Nyanza, yaani ziwa la Ukerewe. Kila shahidi alisema kweli, na hata hivyo kilichojengwa juu ya kweli hizo kilikuwa kosa. Kosa halikuwa machoni mwa mashahidi wala midomoni mwao, bali katika uzi uliowaunganisha. Tunapopeleleza habari tumezoea kuuliza, "Huyu anasema kweli au anadanganya?" Ni swali jema, lakini halitoshi. Yatupasa kuuliza pia, "Haya aliyoyaona, na yale ninayoyahitimisha mimi, ni kitu kimoja?"

Ramani ya koa ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowaleta Richard Burton na John Hanning Speke huku bara. Walifika Kazeh mwezi wa Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeitwa Snay bin Amir, mtu aliyezijua njia za bara kwa miguu yake. Wageni walipomwuliza habari za ziwa, aliwaeleza kwamba maziwa ni matatu tena mbalimbali: Nyasa, lile la Ujiji na lile la Ukerewe. Basi koa la London lilikatwa vipande vitatu barazani Kazeh, na mtu aliyelikata hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alikuwa na faida moja tu: yeye na wenzake walizijua njia mbalimbali, wakaweza kulinganisha.

Hapo pana fundisho kwa wale wanaodhani kwamba mtu mwenye shaka hapaswi kuamini ila alichokiona mwenyewe. Hakuna awezaye kuishi hivyo. Siku niliyozaliwa sikuiona. Niliambiwa na mama yangu. Sijafika Mwezini, na ini langu sijalitia machoni. Sehemu kubwa ya tunayoyajua ni mkopo kutoka kwa watu wengine, na mkopo si aibu. Aibu ni kukopa bila kuuliza mkopeshaji alizipata wapi fedha zake.

Rebmann huyo huyo aliyeshiriki kuchora koa alikuwa amewahi kuliingia jambo jingine. Tarehe 11 Mei 1848, akisafiri kwenda Uchagani, aliuona Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile kwa lugha waliyoelewana. Alikiita "baridi" tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alifahamu mara moja. Lakini habari zilipofika London, bwana mmoja aliyeitwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi za Afrika Mashariki, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Labda macho ya mmisionari yalimpotosha.

Miaka mingi kabla ya hapo Locke alikuwa amesimulia kisa cha mfalme wa Siam. Balozi wa Uholanzi alimweleza mfalme kwamba kwao, wakati wa baridi kali, maji hugeuka kuwa magumu hata watu wakatembea juu yake. Mfalme alikuwa amemsikiliza balozi kwa uvumilivu katika mambo mengi, lakini aliposikia hili alimwona kuwa mwongo dhahiri. Wazungu walikisoma kisa hicho wakatabasamu juu ya mfalme wa nchi ya joto asiyejua barafu. Kumbe kwa upande wa Kilimanjaro, mfalme wa Siam alikuwa ameketi London, amevaa koti.

Tusimwonee Cooley. Alitumia kanuni ambayo sisi sote huitumia: lisilofanana na niliyoyazoea nalitilia shaka. Kanuni hiyo hutuokoa na matapeli wengi. Ubaya wake ni kwamba mazoea ya mtu mmoja ni uwanja mdogo, na dunia haikuahidi kukaa ndani ya uwanja huo. Shaka yake ya kwanza ilikuwa halali. Kosa lake ni kwamba ushahidi ulipoongezeka, shaka haikupungua. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima ule kupita meta 4,000, akaikuta theluji, na Cooley bado akashikilia lake. Shaka isiyokubali kushindwa haina tofauti na imani isiyokubali kuulizwa.

Turudi Kazeh. Burton na Speke walikwenda Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, kisha wakarejea hapa wakiwa wagonjwa. Burton akabaki kupumzika na kuandika aliyoyasikia kwa wafanyabiashara. Speke akaondoka mwezi wa Julai kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, aliyaona maji yaliyoenea mpaka upeo wa macho. Alipowauliza wenyeji ziwa linafika wapi upande wa kaskazini, aliambiwa kwamba pengine linafika mwisho wa dunia. Alikaa hapo siku chache tu. Aliporudi Kazeh mwishoni mwa Agosti alimwambia mwenzake, akiwa na yakini, kwamba amegundua chanzo cha mto Naili.

Hapo urafiki wao ukaingia ufa. Burton aliona kwamba imani ya mwenzake ilikuwa na nguvu lakini hoja zake zilikuwa dhaifu. Umeuona mto ukitoka? Hapana. Umelizunguka ziwa? Hapana. Umeona ncha moja ya kusini. Basi unajuaje yaliyo kaskazini, mamia ya maili kutoka ulipokuwa umesimama?

Leo tunajua kwamba Speke alikuwa sahihi. Mwaka 1862 aliyafikia maporomoko karibu na Jinja ambako Naili hutoka ziwani, na mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja. Lakini niruhusu, msomaji, niseme jambo litakaloonekana la ajabu. Siku ile ya Agosti 1858, hapa Unyanyembe, Speke hakuwa anajua. Alikuwa amekisia, akapatia. Mtu anayetupa jiwe gizani na kumpata nyoka hajamwona nyoka. Na Burton, ingawa jambo lenyewe lilimgeukia, siku ile alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa haki lazima tuseme kwamba Speke hakukisia hewani tu. Alikuwa na kipimajoto. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi yakiwa usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema, kiasi cha nyuzi moja kwa kila meta 300 hivi. Hapa kwetu, kwenye kimo cha meta 1,200 hivi, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo. Kwa kuchemsha maji ufukoni, Speke alikadiria kwamba Nyanza iko kwenye kimo cha futi 3,700 na ushei. Hesabu hiyo iko karibu sana na ukweli, na ilionyesha kwamba maji yale yako juu vya kutosha kuweza kuteremka mpaka Misri. Hata hivyo kwa Tanganyika vipimo vyao viliwapa futi 1,844 tu, pungufu kwa meta zaidi ya 200. Wasafiri ni wale wale na njia ya kupima ni ile ile. Mara moja ikasema kweli, mara moja ikapotosha. Chombo nacho ni shahidi. Nacho chapaswa kuulizwa maswali.

Na Burton je, huyu mwenye shaka? Kule Ujiji walikuwa wametafuta habari za mto Rusizi ulio kaskazini mwa Tanganyika. Je, unatoka ziwani, au unaingia? Kama unatoka, labda ndio Naili. Speke alikuwa amemwuliza mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu ng'ambo ya ziwa, akaelewa kwamba mto unatoka. Baadaye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wao, alieleza kwamba bwana wake hakumwelewa yule mzee. Alimaanisha mto unaingia. Hilo si la kushangaza. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, naye na Bombay walizungumza Kihindi, lugha ambayo kila mmoja wao aliipata ugenini. Walipofika Uvira, wana wa mtemi wa huko waliwahakikishia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Burton alihuzunika sana, lakini aliyaandika.

Miaka sita ikapita, uadui kati ya wawili hao ukakomaa. Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao uliopangwa katika mji wa Bath. Mwaka huo huo Burton akatoa kitabu akitetea kwamba huenda Rusizi unatoka Tanganyika na kuelekea Naili, kinyume cha ushahidi alioupokea kwa masikio yake. Ilibidi kungoja mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia hadi kwenye mdomo wa mto ule, wakayaona maji yakiingia. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu aliyeikataa hoja ya mwenzake kwa kukosa ushahidi, aliipokea yake bila ushahidi. Ndipo tunapojua kwamba kuwa na shaka juu ya maneno ya adui si sifa. Kila mtu anaiweza. Kazi ni kuyatilia shaka yale tunayoyataka yawe kweli.

Kutokana na visa hivi vya njia yetu, naona tunaweza kukusanya maswali manne ya kumwuliza kila anayetuletea habari. Ulikuwapo? Uliyoyaona na unayohitimisha ni kitu kimoja? Wewe, na sisi tunaokusikiliza, tunapata nini habari hii ikiwa kweli? Na la nne: yuko wapi mahali ambapo mtu mwingine, hata adui yako, akienda ataweza kukuta kwamba umekosea? Theluji ya Rebmann ilikuwa na mahali pa namna hiyo, yaani kilele cha mlima. Rusizi ulikuwa na mdomo wake. Ziwa la Speke lilikuwa na fuko za kuzungukwa.

Niliyazungumza mambo haya na jirani yangu mmoja, mzee aliyerina asali katika misitu ya miombo tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unasema uchawi haupo kwa sababu hujauona. Huyo Mzungu wako wa London naye alisema theluji haipo kwa sababu hajaiona. Mna tofauti gani?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, swali hilo ni zito kuliko mengi niliyoulizwa." Na kweli ni zito, wala sipendi watu wanaolijibu kwa kumcheka anayeuliza. Jibu langu lilikuwa hili. Mimi sisemi kwamba najua yote yaliyomo duniani. Nauliza tu njia ya kufika. Aliyesema kuna theluji alituonyesha mlima. Lakini mtu akitoka kwa mfumu, yaani mganga wa ramli, na jina la bibi fulani mkononi, nionyeshe mahali pa kwenda kuona kwamba ramli imekosea. Bibi akikana, husemwa wachawi wote hukana. Akilia, husemwa anajifanya. Asipolia, husemwa ana moyo wa jiwe. Mgonjwa akipona, husemwa ameogopa akamwachia; akifa, husemwa amemmaliza. Tukio lolote litakalotokea litamtia hatiani. Na neno ambalo hakuna tukio liwezalo kulikanusha, hakuna tukio lililolithibitisha.

Mzee akanyamaza kidogo, akasema tena, "Sawa. Zahanati wamepima damu, wamesema ni malaria, mbu alimwuma. Nakubali. Lakini mbu waliwauma watoto wote wa nyumba ile. Mbona amekufa huyu?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo kiini chake. Wazungu wenyewe walidhani kwa karne nyingi kwamba malaria huletwa na hewa mbaya, na jina lenyewe la ugonjwa lina maana hiyo. Burton na Speke walitetemeka kwa homa hapa Kazeh bila kujua kwamba adui yao ni mbu. Ni mwaka 1897 tu, huko India, Ronald Ross alipompasua mbu na kuviona vijidudu tumboni mwake. Jambo hilo leo hukaguliwa katika kila zahanati kwa tone la damu. Lakini tone la damu hutwambia nini kilimwua mtoto. Halitwambii kila mara kwa nini yeye na si ndugu yake. Pengine mwili wake ulikuwa umedhoofika, pengine alicheleweshwa, pengine sababu haitajulikana kamwe. Hapo pana nafasi tupu, na moyo wa mfiwa hauwezi kuvumilia nafasi tupu. Ukishindwa kuijaza kwa ujuzi, huijaza kwa jina la mtu.

Nafasi hiyo imejazwa mara nyingi mno katika mikoa yetu ya magharibi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu watu zaidi ya 3,000 nchini waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa waliuawa Usukumani. Mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha, yatakosaje kuwa mekundu? Walioyaona hawakudanganya, yalikuwa mekundu kweli. Ni lile lile koa la London: kilichoonwa ni kweli, kilichohitimishwa ni kosa. Ila koa la London halikumwua mtu. Kisha, tangu mwaka 2007 hivi, ikaja balaa ya kuwaua na kuwakata viungo ndugu zetu wenye ualbino kwa kusadiki kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, nao aghalabu hawana dalili yoyote. Jambo hilo linajulikana, linapimika, na mtu yeyote aweza kulisoma. Aliyenunua kiungo hakuuliza hata swali moja kati ya yale manne.

Hume alifundisha kwamba imani yetu iongezeke au ipungue kadiri ushahidi unavyoongezeka au kupungua. Ni mafundisho mema, lakini kwa mtu anayeishi kijijini naona yanahitaji nyongeza. Tusipime ushahidi peke yake. Tupime pia kitakachotendeka juu yake. Nikiambiwa kwamba njia ya Ujiji ina matope, neno la mpita njia mmoja linanitosha, kwani nikikosea nitapoteza nusu siku. Swali la Naili liliweza kungoja tangu 1858 hadi 1875, na hakuna aliyedhurika kwa kungoja, ila fahari ya mabwana wawili. Lakini kosa la mapanga halina mwaka wa kusahihishwa. Basi pale ambapo kitendo hakirudishiki nyuma, ushahidi uwe mkubwa kuliko mahali pengine popote. Kwetu mambo yamekaa kinyume: kwa shamba lililogombaniwa tunataka mashahidi, hati na mipaka, na kwa uhai wa bibi tunatosheka na mnong'ono.

Wengine watasema kwamba shaka ya namna hii itaua heshima kwa wazee na kwa mila. Sioni hivyo. Snay bin Amir aliulizwa, akajibu, na maneno yake yakasimama hata baada ya kwenda kukaguliwa. Ushahidi wa kweli hauogopi kukaguliwa. Na mila zetu zina methali nyingine pia: kuuliza si ujinga. Aliyesema lisemwalo lipo hakutwambia kwamba lipo kama lilivyosemwa. Mara nyingi kilichopo ni msiba, ni hofu, ni shamba la mjane linalotamaniwa, na maneno yamelivisha jambo hilo nguo nyingine.

Tunalo neno fupi ambalo lingeweza kuokoa maisha mengi kama tungelipa hadhi yake. Neno hilo ni "hatujui." Tumelifanya neno la fedheha, kana kwamba mwanamume mwenye mvi lazima awe na jibu la kila kifo. Siku ikifika tukalitamka bila aibu, watu wataketi msibani, mtu atauliza kwa nini mtoto huyu na si mwingine, na mzee wa ukoo atajibu, "Hatujui," na jibu hilo litapokewa kama jibu. Na bibi mwenye macho mekundu, aliyekuja tangu alfajiri kusaidia kupika, atamaliza kuosha masufuria, atafunga kanga yake, na atarudi nyumbani kwake jioni kwa njia ile ile aliyojia.